Namba Zilizobandikwa kwa Hasira

Maneno yenyewe aliyasikia bombani, asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye foleni ya kunawa mikono. Mtu mmoja nyuma yake alisema, wala hakunong'ona: "Hamkuambiwa? Seva ya shule ilikufa kwa sababu mama yake Sindano aliitia kebo za kuokota jalalani."

Sindano hakugeuka. Alinawa, akafunga bomba, akaenda darasani mikono ikidondosha maji. Lakini neno lile lilimganda kama kupe. Somo la hisabati lilipita, neno lipo. La historia likapita, neno lipo. Akala nalo, akalala nalo, na asubuhi alipoamka lilikuwa limemtangulia kuamka.

Sindano halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walimwita hivyo kwa wembamba wake, ingawa wengine walisema ni kwa ulimi wake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alikuwa fundi wa kompyuta, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Kila siku kabla ya shule Sindano alifagia chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa karakana: meza ndefu, taa ya kupinda shingo, bisibisi zilizopangwa kwa urefu kama watoto wa tumbo moja, na vifuniko vya chupa vilivyojaa skrubu ndogo ndogo. Ole wake amwage kifuniko kimoja.

Asubuhi ile alifagia mara mbili mahali pamoja, kisha akasema, "Mama, ile kebo ya shuleni ilikuwa ya jalalani?"

Mama Fundi hakuinua macho. "Nani kasema?"

"Shule nzima."

"Shule nzima ina vinywa vingapi?"

"Mama!"

"Ilikuwa mpya. Nilikata mfuko wake kwa mkono huu." Mama Fundi aliweka bisibisi chini. "Kebo ya data haipendi kukunjwa, mwanangu. Ikunje kama karatasi, nje utaiona nzima, kumbe ndani nyuzi zimekatika. Ile kuna mtu aliibana. Basi."

"Nani?"

"Nikikutajia utanisaidia nini? Nenda kamwoshe mdogo wako uso."

Sasa, seva ni kompyuta isiyo na kioo, na ile ya shule ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, ikivuma kama mzinga wa nyuki. Ndani yake mlikuwa na diski nne, na ndani ya diski hizo mlikuwa na kazi za wanafunzi wote pamoja na alama zao. Mama Fundi ndiye aliyeifunga. Miezi mitatu nyuma ilikuwa imezima kwa siku mbili. Aliitwa, akatoa kebo iliyoharibika, akaweka nyingine, ikawaka. Hakuambiwa hata asante. Tangu siku hiyo hakuitwa tena, na kazi ikapewa Fundi Miwani, mwenye duka karibu na posta.

Sindano alipiga hesabu yake: aliyepata kazi ndiye aliyetoa neno. Ilikuwa hesabu nyepesi, na kama zilivyo hesabu za mtu mwenye hasira, hakurudi kuisahihisha.

Wiki ile ile Fundi Miwani alikuja kubadilisha kebo zote za seva. Mwalimu wa maktaba, aliyeongoza klabu ya kompyuta, aliwaita wanaklabu waje kutazama na kusaidia. Wakasimama kuizunguka seva iliyovuliwa kava, na Fundi Miwani akatoa mkobani kebo ya ajabu kidogo: kichwa kimoja kipana upande mmoja, mikia minne upande wa pili.

"Kichwa hiki kinaingia kwenye kadi, kile kibao kidogo kinachoziendesha diski," alieleza. "Mikia hii, kila mmoja na diski yake."

Sindano aliutazama mfuko wa kebo uliotupwa mezani. Mama yake alimfundisha jambo hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu: kebo za namna hii ziko aina mbili, zinafanana kama pacha. Moja hutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski nne. Nyingine ni kinyume chake: mikia ndiyo huchomekwa kwenye ubao wa kompyuta, na kichwa kipana huenda upande wa diski. Ukikosea, hakuna kitakachoungua, ila diski hazitaonekana hata ukiziita kwa majina. Tofauti yao huandikwa kwenye mfuko, kwa herufi ndogo.

Sindano alizisoma herufi hizo. Ilikuwa kinyume. Akafumba mdomo wake, akakunja mikono, akangoja.

Baada ya nusu saa Fundi Miwani alikuwa anatoka jasho. "Diski sifuri," alisoma kwenye kompyuta ya mwalimu. Akachomoa, akachomeka. "Diski sifuri." Halafu akauokota mfuko, akausogeza karibu na pua, akapiga paji la uso. "Nimenunua kinyume! Miaka kumi na tano ya ufundi, na macho manne!"

Watoto wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Sindano peke yake hakucheka. Alikuwa anakunywa furaha yake polepole, na aliona kikombe ni kidogo.

Fundi alikwenda kuibadilisha, akarudi na iliyo sahihi. Safari hii alipima kwanza kwa uzi kutoka kwenye kadi hadi diski ya mwisho, kwa sababu kebo ndefu mno hujikunja ikaziba feni, na fupi mno huvuta vichwa vikalegea. Alichomeka kila mkia mpaka kibano chake cha chuma kikalia "ta".

"Zimebaki bendera," alisema. "Kiwandani huandika namba kwenye mikia, lakini ndogo kama mayai ya chawa. Humu chumbani hamna mwanga wa kuzisomea. Kwa hiyo tunaandika namba kubwa kwenye utepe, tunaukunja kama bendera. Siku diski moja ikifa, utajua ni ipi ya kutoa." Akamgeukia Sindano. "Wewe una vidole vyembamba na mwandiko mzuri. Zibandike wewe." Halafu akaongeza, huku akifuta miwani yake, "Na jamani, tuangalie sana. Safari hii nataka kazi isiyo na maneno."

Isiyo na maneno! Sindano alihisi kama amepigwa kofi mbele ya watu. Mbele ya klabu nzima, mtu huyu anamsema mama yake!

Aliandika moja, akabandika kwenye mkia wa kwanza. Akaandika nne, akabandika kwenye wa nne. Kisha akaandika tatu, akaizungusha juu ya ile namba ndogo ya kiwandani, kwenye mkia wa pili. Na mbili akaiweka kwenye mkia wa tatu. Mkono wake haukutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, alipokumbuka, kwamba mkono haukutetemeka.

Alijua vizuri alichofanya. Diski zile zilipangwa zisaidiane: moja ikifa, tatu zinazobaki hubeba mzigo wake, na hakuna herufi inayopotea. Lakini ukiiacha iliyokufa ukatoa nzima, zinabaki mbili, na mbili haziwezi. Mzigo wote unaanguka. Na fundi aliyetoa diski nzima atacheka na nani?

Kuanzia siku hiyo Sindano alikuwa mtu wa kungoja. Mtu aliposema jalala, yeye alitabasamu. Fundi Miwani alipopita na baiskeli akampungia mkono, naye alimpungia, huku moyoni akisema: pita, baba, pita, siku yako inakuja. Wakati mwingine alipita maktaba bila haja, asikilize tu kama seva inavuma vizuri. Ilivuma vizuri. Alichukia.

Miezi miwili ikapita hivyo.

Siku yenyewe ilipofika, ilikuja asubuhi ya kawaida kabisa. Kwenye kompyuta ya mwalimu wa maktaba yalitokea maandishi mekundu: diski ya tatu imekufa. Mwalimu hakuogopa, kwa maana aliambiwa tatu zilizobaki zingetosha. Akampigia simu Fundi Miwani. Fundi akaja na diski mpya, akazima seva, akaitafuta bendera namba tatu, akatoa diski iliyokuwa nayo, akaweka ile mpya. Akawasha.

Kwenye kompyuta ya mwalimu seva ikaandika: diski mbili hazipo. Hakuna kinachosomeka.

Habari zilienda shule nzima kabla ya kengele ya mapumziko. Alama za darasa la mwisho, za muhula mzima, zilipaswa kutumwa kesho yake saa sita mchana. Bila alama hizo hakuna anayesajiliwa kwa mtihani. Na nakala? Mwalimu wa maktaba alifungua droo akatoa kidude cha kuhifadhia. Nakala iliyokuwamo ilikuwa ya muhula uliopita. Alikaa kitini kama gunia lililofunguliwa kamba.

Kwenye varanda ya maktaba wanafunzi wa darasa la mwisho walijazana. Msichana mmoja mrefu, aliyerudia darasa mwaka huo kwa sababu ya ugonjwa, alikuwa amejifunika uso kwa sweta. Hakuwa analia kwa sauti. Mabega tu yalikuwa yanapanda na kushuka.

Sindano alikuwa ameingoja siku hii aifurahie. Alijisukuma mpaka mlangoni amwone Fundi Miwani akiaibika, na kweli alimwona, shati limemlowa mgongoni. Lakini macho yake yalirudi kwenye sweta la yule msichana.

"Wamemwita Mama Fundi!" Aliyetangaza ni mvulana wa darasa lake aliyeitwa Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzima. "Anakuja kumalizia alichoanza. Lisemwalo lipo, jamani, kama halipo laja!"

Sindano alimshika ukosi. "Nani alikwambia mambo ya jalala? Fundi Miwani, siyo? Sema!"

"Niachie, wewe! Fundi Miwani ananijua mimi?" Redio alijinasua, akajipangusa. "Si wewe mwenyewe? Siku ya maonyesho ya kazi za mikono! Ulisimama pale mbele ukajigamba, 'Mama yangu anaokota kebo jalalani anazifufua.' Sisi tukasema, kumbe! Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa tu hajawahi kulitazama jambo hilo upande huo. Mama yake aliokota kebo mbovu kwa ajili yake yeye, ajifunze kuzipasua na kuzichungulia, hakuna hata moja iliyowahi kuingia kwenye mashine ya mtu. Lakini sehemu hiyo hakuisema siku ile. Alitaka wapige makofi, na walipiga.

Mama Fundi aliingia na mkoba wake begani. Watu walimpisha wakinong'ona, naye akasalimia kana kwamba hakusikia kitu.

"Karibu, dada," alisema Fundi Miwani. "Nimekwama. Mwalimu mkuu ananihimiza nizianzishe upya diski zote, lakini moyo umekataa."

"Kuzianzisha upya ni kuzifuta."

"Ndiyo maana nimekuita. Sifuti kitu mpaka aliyeifunga mwanzo aione."

Mama Fundi hakushika kompyuta. Alipiga magoti, akawasha tochi, akaanza na kichwa cha kebo. Akaufuata mkia mmoja kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu wa pili. Hapo kidole kikasimama. Akaibandua bendera polepole, akamulika chini yake. Akatazama muda mrefu ile tatu iliyoandikwa kwenye utepe, tatu yenye kichwa bapa, ambayo yeye mwenyewe alimshika mtoto mkono akamfundisha kuiandika.

"Namba hizi kaandika nani?" aliuliza, bila kuinua uso.

Fundi Miwani alimtazama Sindano. Akaelewa, ilionekana wazi kwamba ameelewa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Fundi wa kazi hii ni mimi," alisema. "Sikufunua kukagua. Kosa liandikeni kwangu."

Hapo kisasi kilikuwa kimetimia. Aibu ya yule mtu ilikuwa hapo mbele ya mwalimu mkuu na shule nzima, tena ameibeba kwa mikono yake mwenyewe. Kilichobaki kwa Sindano kilikuwa kunyamaza tu. Angenyamaza, mama yake angetoka pale shujaa.

"Si yeye," alisema Sindano. Sauti ilitoka nyembamba. "Ni mimi. Ya pili na ya tatu nilizibadilisha. Makusudi. Diski aliyoitoa ni nzima, iliyokufa bado imo."

Varanda ililipuka kwa kelele. Mwalimu mkuu alifungua mdomo, lakini Mama Fundi alimtangulia.

"Shika tochi," alimwambia binti yake.

Sindano alishika tochi, akamulika mkia mmoja baada ya mwingine. Mafundi wawili waliirudisha diski nzima mahali pake, wakaitoa iliyokufa, wakaweka mpya penye nafasi ya kweli. Seva ilipowashwa ilikohoa kama mzee, ikavuma, ikasoma diski tatu, na alama zikatokea mstari kwa mstari. Mwalimu wa maktaba alizitolea nakala hapo hapo, nakala mbili, kabla hajafuta machozi. Diski mpya ilijazwa taratibu mpaka jioni.

Kesho yake alama zilitumwa saa tatu asubuhi. Saa nne Sindano alisimama mbele ya shule nzima akasema alichofanya. Alitolewa kwenye klabu mpaka mwisho wa mwaka. Alimwomba radhi Fundi Miwani, naye akamwambia, "Nimekusamehe. Ila siku ile uliona mfuko na ukaniacha nihangaike, siyo? Nilijua! Macho yako yalikuwa yanacheka." Lakini yule msichana mrefu hakumsamehe siku hiyo. Alimwuliza swali moja: "Mimi nilikukosea nini?"

Kabla wanafunzi hawajatawanyika, Mama Fundi aliomba dakika moja. Alitoa mkobani kebo ya zamani, ile iliyoharibika mara ya kwanza, akainyanyua juu. Katikati ilikuwa na alama nyeupe, nyoofu kama iliyopigwa kwa rula.

"Kebo hii ilikuwa mpya," alisema. "Alama hii ni ya ukingo wa kava. Kuna mtu alifungua seva, akafunga kava juu yake. Nimesingiziwa miezi mitano na kebo nikiwa nayo kwenye droo. Simtaji mtu. Nimeileta ionekane."

Mwalimu wa maktaba akasimama taratibu. "Ni mimi," alisema. "Niliifungua kupangusa vumbi. Maneno yalipoanza nikanyamaza, kwa sababu hayakuwa yananitaja mimi. Nisamehe, Mama Fundi."

Mama Fundi aliinamisha kichwa mara moja. Hakutabasamu.

Njiani kuelekea nyumbani Sindano alisema, "Ulijua ni yeye. Siku zote."

"Nilijua. Ufunguo wa chumba kile anao yeye peke yake."

"Na hukukasirika?"

Mama Fundi alisimama katikati ya njia. "Mimi? Nimekasirika mpaka chakula kimeniwia mchanga! Kila nikimwona mwalimu yule sokoni natamani kumvika kebo ile shingoni kama tai. Na wewe, ngoja nikwambie. Walikuwa wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Halikuwapo. Wewe ndiye uliyekwenda kulileta, kwa vidole nilivyokufundisha mimi."

Sindano alianza kulia. Mama yake alimwacha alie hatua kadhaa, kisha akamshika bega.

"Hasira ni yako, mwanangu, siwezi kukunyang'anya. Lakini mpelekee mwenyewe usoni, mchana, na useme jina lako. Ukiificha ndani ya mashine, itamuuma yeyote atakayepitisha mkono, kwa sababu mashine haijui ulimkusudia nani. Haya, pangusa uso. Nyumbani kuna sakafu haijafagiwa tangu jana."

Kwa hiyo wewe mwenye vidole vyepesi na moyo wa moto, na wewe mzazi wake, epukeni haya:

Usinunue kebo ya diski kwa kutazama umbo. Soma mfuko, ujue inatoka wapi na inakwenda wapi.

Usichukue ndefu mno ikaziba feni, wala fupi mno ikavuta diski.

Usiikunje kama karatasi, wala usifunge kava kabla hujatazama imelala wapi.

Usiuachie mkia kabla hujasikia kibano.

Usiamini namba iliyobandikwa na mwingine. Funua, usome ya kiwandani.

Usikae muhula mzima bila nakala.

Usifungue mashine isiyo yako, na ukiifungua, usinyamaze.

Usijigambe kwa nusu ya habari. Watu watajaza nusu iliyobaki.

Usimhukumu mtu kwa sababu tu kazi imemwendea yeye.

Usiweke kisasi chako mahali ambapo atakayekikuta hajakukosea kitu.